Shina la siliaki: sentimita mbili za ateri zinazolisha ini, wengu na tumbo la chakula

Aota, ateri kuu itokayo moyoni, ikishapenya tundu la kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) na kuingia tumboni, haisafiri hata upana wa vidole viwili kabla ya kutoa tawi kubwa linalochomoza mbele. Hilo ndilo shina la siliaki. Jina limetokana na neno la Kigiriki, koilia, yaani tumbo. Ni fupi ajabu: kwa watu wengi lina urefu wa sentimita 1 hadi 2 na kipenyo cha milimita 6 hadi 8, sawa na unene wa penseli. Likishafika hapo linagawanyika, na kazi yake kama shina imekwisha. Ila ndani ya sentimita hizo mbili hupita karibu damu yote ya ateri iendayo kwenye ini, wengu (wengine huuita bandama), tumbo la chakula, ncha ya chini ya umio, mwanzo wa duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo) na sehemu kubwa ya kongosho.

Michoro ya vitabuni huonyesha mti: shina moja, matawi matatu, vijitawi. Ukiukariri mti huo utafaulu mtihani. Hutaelewa, hata hivyo, kwa nini daktari wa upasuaji anaweza kulikata shina hili lote na ini likabaki hai, wala kwa nini kidonda cha duodeni huendelea kumwaga damu baada ya ateri yake kuzibwa upande mmoja. Mfano unaokaribia ukweli ni mtandao wa mabomba ya maji mtaani. Mabomba yameunganishwa kwa njia zaidi ya moja, na maji huelekea kokote presha iliko ndogo. Bomba moja likiziba, maji huzunguka nyuma. Ateri za tumbo la juu hufanya vivyo hivyo, na hatari nyingi zinazowapata wagonjwa hutokana na mtu kuusahau mzunguko huo.

Mahali lilipo na majirani wake

Shina huchomoza usawa wa ukingo wa chini wa pingili ya 12 ya kifua, mara nyingine usawa wa mwanzo wa pingili ya 1 ya kiuno. Juu yake umepita utepe mgumu wa nyuzi unaounganisha miguu miwili ya kiwambo. Tuuite utepe wa upinde. Tutaurudia baadaye, maana ndio unaoweza kulibana. Chini yake ni ukingo wa juu wa kongosho. Kushoto na kulia limekumbatiwa na mafundo makubwa ya neva, kiasi kwamba huwezi kulifikia kwa kisu bila kuzigusa neva hizo.

Kama sentimita moja hivi chini yake huchomoza ateri ya mesenteri ya juu, inayolisha utumbo mdogo na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. Ya tatu, mesenteri ya chini, iko mbali kidogo, usawa wa pingili ya 3 ya kiuno. Mgawanyo huu ulipangwa mapema sana, mtoto akiwa kiinitete tumboni mwa mama. Mrija wake wa chakula ulikuwa na sehemu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na kila sehemu ikapata ateri yake. Siliaki ilipewa ya mbele. Mpaka wake na mesenteri ya juu uko katikati ya duodeni, karibu na pale mrija wa nyongo unapofungukia. Wengu kwa asili si sehemu ya mrija huo. Huchipuka ndani ya utando unaolishikilia tumbo la chakula kwa nyuma, kwa hiyo hulishwa na ateri iliyokuwa jirani.

Neva za maumivu hufuata njia zilezile za ateri. Ndiyo sababu kidonda cha tumbo, jiwe la nyongo na uvimbe wa kongosho vyote huanza kwa maumivu ya chembe cha moyo, ingawa viungo vyenyewe viko sehemu tofauti. Mgonjwa wa saratani ya kongosho anaposumbuliwa na maumivu yasiyosikia dawa, madaktari wanaweza kudunga alkoholi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya shina hili. Lengo la sindano ni neva. Ateri hutumika tu kama alama ya njia.

Mafiga matatu

Albrecht von Haller, tabibu wa Uswisi aliyeishi karne ya 18, aliyafananisha matawi matatu na kigoda cha miguu mitatu, na hadi leo mgawanyiko huu hutajwa kwa jina lake. Kwa Kiswahili mafiga yangetosha. Figa la kwanza na jembamba kuliko yote ni ateri ya kushoto ya tumbo la chakula. Hupanda hadi pale umio unapoungana na tumbo, hutoa vijitawi vya umio, kisha hugeuka na kushuka kufuata mpindo mdogo wa tumbo la chakula, yaani ukingo wake mfupi. Huko hukutana ana kwa ana na ateri ya kulia ya tumbo hilo.

Kwenye eneo lake kuna hitilafu moja inayowasumbua sana wanaotumia kamera ya endoskopi. Kwa kawaida ateri hupungua unene kadiri inavyoukaribia utando wa ndani wa tumbo. Kwenye hitilafu iitwayo Dieulafoy, ateri yenye unene wa milimita 1 hadi 3 hufika hadi chini kabisa ya utando bila kupungua, mara nyingi ndani ya sentimita 6 kutoka kwenye kiungo cha umio na tumbo. Utando ukichubuka kidogo tu, damu hububujika. Ikisimama yenyewe, mwenye kamera huona tumbo safi lisilo na kidonda, kwa kuwa tundu lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele. Mgonjwa akitapika damu nyingi na kamera isione kitu, eneo hilo linapaswa kuangaliwa upya kabla ya kusema chanzo hakijulikani.

Figa la pili, nene kuliko yote, ni ateri ya wengu. Huelekea kushoto ikiambaa na ukingo wa juu wa kongosho, tena kwa kujipinda kama nyoka, na mpindo huo huzidi mtu anavyozeeka. Njiani hulipa kongosho vijitawi, karibu na mwisho hutoa ateri fupi za tumbo la chakula pamoja na ateri ya kushoto ya mpindo mkubwa, halafu huingia kwenye wengu ikiwa imegawanyika. Mkia wa kongosho husindikizana nayo hadi karibu na mlango wa wengu. Anayeondoa wengu kwa haraka na kuweka kibano kirefu kupita kiasi huubana mkia huo pia; siku chache baadaye maji ya kongosho huanza kuvuja tumboni.

Ndani ya wengu matawi hayaungani. Kijitawi kimoja kikizibwa, kipande chake hufa. Nje ya wengu hali ni kinyume kabisa, na tofauti hiyo inatumika kuokoa wengu zilizopasuka kwa ajali. Kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri, koili (kijiwaya cha kuziba) huwekwa kwenye shina la ateri ya wengu, mbele ya kijitawi kikubwa cha kwanza cha kongosho na kabla ya mlango wa wengu. Presha hushuka, donge la damu hushika, na wengu huendelea kulishwa polepole kupitia ateri fupi za tumbo na zile za kongosho. Ukisogeza koili mbele hadi ndani ya mlango, njia hizo za pembeni hubaki nyuma ya kizuizi na sehemu ya wengu hufa.

Ateri hii ndiyo inayoongoza kwa kupata vivimbe vya ukuta, yaani anyurizimu, kati ya ateri zote za viungo vya tumbo. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, na ujauzito huongeza hatari ya kupasuka, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kupasuka kwenyewe kunaweza kuja kwa awamu mbili. Damu ya kwanza hunaswa kwenye nafasi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Mgonjwa huzirai, kisha hupata nafuu na presha hurudi. Baada ya saa kadhaa damu hupata njia kupitia tundu la Winslow, mlango mdogo wa nafasi hiyo, na kumwagika kwenye uwazi mkuu wa tumbo. Nafuu ile ya katikati ndiyo inayowadanganya watu kumrudisha nyumbani. Kwa asiye na dalili, tiba huanza kufikiriwa kivimbe kikifika sentimita 2 au 3 kutegemea mwongozo unaofuatwa. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, hata kidogo hutibiwa.

Upande wa ini

Figa la tatu ni ateri ya pamoja ya ini. Huenda kulia, na juu tu ya duodeni hutoa tawi linaloshuka, ateri ya gastroduodeni. Kinachobaki kinaitwa ateri halisi ya ini. Hupanda ndani ya utando unaounganisha ini na duodeni ikiwa na wenzake wawili wenye mpangilio unaostahili kukaririwa: mrija wa nyongo mbele kulia, ateri mbele kushoto, vena ya poto (iletayo ini damu kutoka kwenye utumbo) nyuma yao.

Vyote vitatu hushikika kwa mkono mmoja. Ini likipasuka na damu kujaa tumboni, daktari huingiza kidole cha shahada kwenye tundu la Winslow, huweka kidole gumba mbele ya utando, na kubana. Ni mbinu iliyoelezwa na daktari wa upasuaji James Hogarth Pringle mwaka 1908. Wengi hubana kwa dakika 15 na kuachia kwa 5, kisha hurudia. Damu ikisimama, chanzo ni ateri ya ini au vena ya poto. Isiposimama, fikiria mambo mawili. Huenda chanzo ni vena za ini zinazomwaga nyuma kwenye vena kuu. Au huenda mtu huyu ana ateri ya ini ya kushoto inayotoka kwenye ateri ya kushoto ya tumbo la chakula. Ateri ya namna hiyo hupita kwenye utando mwembamba kati ya ini na mpindo mdogo, nje kabisa ya vidole vyako.

Ini hupokea damu kutoka milango miwili. Kama asilimia 75 huingia kwa vena ya poto na 25 kwa ateri, lakini damu ya ateri imebeba oksijeni nyingi zaidi, hivyo kila mlango huleta takriban nusu ya oksijeni. Kwa sababu hiyo ateri ikizibwa, chembe za ini kwa kawaida huvumilia. Mirija ya nyongo haivumilii, kwa kuwa chakula chake hutoka kwenye ateri peke yake. Kwa aliyepandikizwa ini jipya, ambaye njia zake zote za pembeni zilikatwa wakati wa kupandikiza, donge kwenye ateri huiua mirija ya nyongo na mara nyingi ini lenyewe hupotea. Uvimbe wa saratani ya ini nao hujilisha kwa ateri zaidi kuliko kwa vena, ndiyo maana dawa na vichembe vya kuziba vinaweza kupelekwa moja kwa moja kwa katheta ya ateri, na ini lililobaki likaponea kwenye vena ya poto.

Kijitawi cha mfuko wa nyongo kwa kawaida hutoka ateri ya kulia ya ini, ndani ya pembetatu iliyozungushiwa mrija wa mfuko wa nyongo, mrija mkuu wa ini na uso wa chini wa ini. Kosa la kuogopwa hapa ni ateri ya kulia ya ini iliyojikunja kama kiwavi hadi ikausogelea mfuko. Ukiiona ikidunda pale unapotarajia kijitawi, ni rahisi kuibana klipu kwa kujiamini. Kinga yake haina ujanja: safisha mafuta yote kwenye pembetatu, tenganisha theluthi ya chini ya mfuko na kitanda chake kwenye ini, na usikate chochote mpaka vibaki vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko.

Ramani hubadilika mtu na mtu. Mwanaanatomia Nicholas Michels alichapisha mwaka 1966 matokeo ya kupasua maiti 200 na kuigawa mipangilio ya ateri za ini katika aina 10. Ule wa vitabuni aliukuta kwa asilimia 55 tu. Kati ya tofauti zenye madhara makubwa ni ateri ya kulia ya ini inayotoka mesenteri ya juu badala ya siliaki. Hupita nyuma ya kichwa cha kongosho na kupanda upande wa kulia nyuma ya mrija wa nyongo. Kidole kikihisi mdundo mahali hapo, ambapo kwa kawaida hakuna ateri, kisu kisubiri.

Pete inayounganisha siliaki na mesenteri

Ateri ya gastroduodeni hupita nyuma ya sehemu ya kwanza ya duodeni, imeligusa kabisa. Kidonda cha ukuta wa mbele wa duodeni hutoboka na kumwaga uchafu tumboni. Cha ukuta wa nyuma huila ateri hii na kumwaga damu. Ikishapita hapo hugawanyika: tawi moja hufuata mpindo mkubwa wa tumbo la chakula, mengine hukizunguka kichwa cha kongosho mbele na nyuma, yakakutana na matawi yanayopanda kutoka mesenteri ya juu. Hiyo ndiyo pete. Damu inaweza kuizunguka kutoka upande wowote.

Sasa mchukue mgonjwa ambaye kamera imeshindwa kuzuia damu ya kidonda cha nyuma. Mtaalamu wa katheta huingia kupitia siliaki na kuweka koili mwanzoni mwa gastroduodeni. Kwenye picha damu imesimama, kila mtu anapumua. Dakika kadhaa baadaye damu hurudi, safari hii kutoka chini, kupitia mesenteri ya juu. Utaratibu sahihi ni kuivuka sehemu inayovuja, kuweka koili upande wa mbali kwanza, kisha kurudi nyuma huku ukizijaza hadi upande wa karibu. Halafu lazima katheta iingie mesenteri ya juu na kupiga picha kutoka huko. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na waliochoka.

Turudi kwenye utepe wa upinde. Kwa baadhi ya watu umekaa chini kuliko kawaida na unalikandamiza shina kutoka juu. Mtu anapotoa pumzi, aota na matawi yake hupanda na utepe hubana zaidi, anapovuta, hulegea. Kwenye picha ya CT iliyokatwa kwa upande, shina huonekana limepinda kama ndoana, na mbele ya mbano limetanuka. Kwa dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kasi ya damu, mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 hadi 8 ili hewa ya tumbo ipungue, kasi hupimwa akivuta na akitoa pumzi, na pembe ya kipimo haizidishwi nyuzi 60. Kasi inayozidi sentimita 200 kwa sekunde huashiria mbano mkubwa. Iliyozidi wakati wa kutoa pumzi peke yake, kisha ikashuka mtu akivuta, humwelekeza mpimaji kwenye utepe zaidi kuliko kwenye mafuta yaliyoganda ukutani.

Hata hivyo, kuuona mbano si sawa na kupata chanzo cha maumivu. Watu wengi wana ndoana hiyo kwenye picha na hawaumwi chochote, kwa kuwa pete imewafidia. Ndiyo sababu ubishi haujaisha kama maumivu baada ya kula, pale yanapokuwepo, hutokana na upungufu wa damu au na neva zilizobanwa pamoja na ateri. Mimi naona upande wa neva una hoja nzito kwa wagonjwa ambao mesenteri yao ya juu ni nzima. Upasuaji wa kukata utepe kwa kawaida hukata na neva zile, hivyo mgonjwa akipona swali hubaki palepale. Lisilo na ubishi ni hili: kuweka stenti (kijibomba cha kuitanua ateri) kabla utepe haujakatwa ni kosa, kwani kila pumzi huipinda mpaka inabonyea au kuvunjika.

Mbano huo usio na dalili hugeuka hatari siku mtu anapohitaji kuondolewa kichwa cha kongosho. Upasuaji huo hulazimu kuifunga ateri ya gastroduodeni. Ikiwa shina la siliaki limebanwa, damu ya ini ilikuwa ikipanda kinyumenyume kupitia ateri hiyohiyo, na kuifunga ni kulinyima ini ateri yake. Kwa hiyo kabla ya kufunga, ateri hubanwa kwa kibano laini na daktari hushika ateri halisi ya ini kwa vidole. Mdundo ukibaki, funga. Ukififia, utepe wa upinde ukatwe kwanza na jaribio lirudiwe. Na inapofungwa, kisiki kidogo huachwa ili ateri ya ini isifinywe. Kisiki hicho hicho, maji ya kongosho yakivuja, humong'onyoka na kupasuka siku nyingi baadaye. Kijidamu kidogo kwenye mrija wa kutolea maji, hata kikikoma chenyewe, huhitaji picha ya CT ya ateri siku hiyohiyo, kwani damu kubwa inaweza kufuata baada ya saa chache.

Kwa saratani ya mwili wa kongosho iliyoling'ang'ania shina, hesabu hugeuzwa. Madaktari hulikata shina la siliaki lenyewe pamoja na mwili na mkia wa kongosho na wengu, kisha huliachia ini na tumbo la chakula damu inayopanda kutoka mesenteri ya juu kupitia pete. Mara nyingine ateri ya pamoja ya ini huzibwa kwa koili wiki moja au mbili kabla, ili pete ipate muda wa kutanuka. Siku ya upasuaji ateri hiyo hubanwa kwanza, na mdundo wa ateri halisi ya ini husikilizwa kwa dopla. Tumbo la chakula limepoteza ateri ya kushoto na ateri fupi zote. Linaishi kwa ateri ya kulia ya mpindo mkubwa na ile ndogo ya kulia ya mpindo mdogo. Katika upasuaji huo ateri ya gastroduodeni, ile ile ambayo hufungwa wakati wa kuondoa kichwa cha kongosho, haiguswi hata kwa ncha ya kibano.